Ukuta wa Kushoto

Ting. Ting. Ting. Tung.

Sauti ilimfikia Sindano kabla hajakata kona. Ilikuwa kama mtu anayejaribu nyuzi za kinanda kikuukuu, anauliza kila uzi jina lake, na mmoja umekataa kujibu. Kimya kikapita. Chuma kidogo kikalia kama kinabanwa, halafu tena: ting. Uzi uliokuwa mkaidi ulikuwa umekubali.

Alipokata kona aliona mlango wa bati uko wazi, na ndani mtu mrefu ameinama juu ya gurudumu la baiskeli, sikio karibu na spoki, anazigonga kwa ukucha moja baada ya nyingine. Ringi zilining'inia darini kwa kulabu, kubwa na ndogo, nyeusi na za fedha, mpaka mtu akiingia alilazimika kuinamisha kichwa hata kama si mwenye adabu.

Yule mrefu hakuinua uso. Aliuliza kama mgeni amekuja kumkamata au kunyoosha gurudumu.

Sindano akamjibu kwamba itategemea majibu atakayoyapata.

"Basi kaa. Kiti hicho kina miguu mitatu, lakini hakijawahi kumdanganya mtu."

Sindano hakuitwa hivyo na wazazi wake. Jina hilo alipewa na askari wenzake enzi alipokuwa kazini, kwa sababu alipita katika tundu dogo na akitoka upande wa pili alikuwa amevuta uzi. Siku hizi alijitegemea. Alipeleleza mambo ambayo watu hawataki kuyafikisha kituoni, na hili lilikuwa mojawapo, maana lilikuwa la kifamilia.

Mambo yenyewe aliyapata kwa mwenyekiti wa chama cha waendesha baiskeli wa masafa marefu. Mwanachama mmoja, ambaye wenzake wamemzoea kwa jina la Masafa, alikuwa akishuka mteremko na mizigo yake. Akashika breki. Ukuta wa ringi ya nyuma ukachanika kama gunia, tairi likatoka, gurudumu likakwama, naye akarushwa majanini. Mtulinga, ule mfupa wa bega, ulivunjika. Hakufa, na kwa hilo watu walishukuru. Lakini alipopata nguvu za kusema, aliwaambia wanachama wote kwamba fundi amemuuzia ringi ya bandia.

Na fundi huyo ndiye huyu mrefu. Ndiye anayesuka magurudumu ya chama kizima. Tena ni shemeji yake Masafa, ndugu wa tumbo moja na mke wake. Jioni hiyo wanachama walikuwa na mkutano. Kama taarifa ya Sindano ingemlaumu, wangepeleka magurudumu yao kwingine, na maneno yangetembea mji mzima. Wafanya kazi ya mikono wanalijua hili: fundi aliyepoteza vyombo hununua vingine, aliyepoteza jina hana duka la kulinunua.

Sindano alikaa kwenye kile kiti. Kweli hakikumdanganya. Akaomba aelezwe ringi gani iliuzwa.

Fundi alinyoosha mkono darini bila kutazama, kama mtu anayechuma tunda kwenye mti wake mwenyewe, akashusha ringi mbili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, nyepesi, nzuri kuitazama. Alimpa Sindano aishike kwa kidole kimoja. Hiyo, alisema, ni ya kijana wa mashindano, anayetoka asubuhi na kurudi kabla chai haijapoa. Ya pili ilikuwa pana na nzito kidogo, na haikuwa na urembo wowote. Akaielekeza kwenye mwanga ili mpelelezi aone ndani: ilikuwa ya tabaka mbili, katikati pana uwazi kama chumba, na kila tundu la spoki lilivishwa pete ndogo ya chuma ili spoki isile ringi. Matundu yalikuwa thelathini na sita.

"Mtu wa masafa haniulizi gurudumu lina uzito gani," alisema. "Mimi ndiye ninayemuuliza yeye. Wewe una uzito gani, mizigo yako ina uzito gani, njia ina mawe au haina, na ukiharibikiwa porini utapata wapi spoki. Akinijibu, ringi inajichagua yenyewe. Shemeji alinijibu, nikampa hii. Mbele na nyuma, kutoka boksi moja."

Sindano aliuliza ringi nzuri kama hiyo hufa kwa ugonjwa gani.

Fundi alicheka kidogo. Alisema mara nyingi huuawa na mafundi wenzake, wanaokaza spoki mpaka ringi inapasuka kwenye matundu. Nyingine huuawa na jiwe, tairi likiwa halina upepo wa kutosha. Lakini kifo cha uzeeni, kifo cha halali, ni breki. Raba za breki hubana kuta mbili za ringi, kushoto na kulia, na kila zinapobana huondoa chembe. Kuta hukonda. Ndiyo maana watengenezaji wa ringi hii huchora mstari, mfereji mwembamba unaozunguka kila ukuta. Mstari ukionekana, endelea na safari. Mstari ukifutika, itupe ringi, hata kama unaipenda kama mkeo.

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimshika kidole nikakipitisha kwenye mstari. Akanitania, akasema nimeanza kumfundisha kusoma."

Sindano alifungua mfuko aliokuja nao, akatoa ringi iliyovunjika na kuilaza juu ya meza ya kazi. Alimtaka fundi aweke mikono nyuma na atumie macho tu. Fundi akatii, akasimama kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari.

Sindano aliikagua kipande kwa kipande. Kwanza alimulika pale palipochanika. Tabaka zilikuwa mbili. Pete za chuma zilikuwepo kwenye matundu, na matundu hayakuwa na ufa hata mmoja. Ringi ilikuwa ileile aliyosema fundi. Hapo mashtaka ya ringi ya bandia yakafa kifo cha asubuhi.

Jambo moja lilibaki. Nembo ya kiwanda, ambayo kwenye ringi mpya ilibandikwa upande mmoja tu, chini kidogo ya pale breki inapobana, karibu na tundu la upepo, haikuwepo. Masafa alikuwa amemwambia hilo kila aliyetaka kusikia: kama si bandia, nembo iko wapi? Fundi alikiri kwamba hajui. Nembo ile hubanduka kwa tabu. Hata yeye huiacha.

Halafu Sindano alitoa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, akapima unene wa ukuta wa kulia. Mzima. Mstari wake ulikuwa bado unaonekana, umejaa vumbi la njia. Akapima ukuta wa kushoto, ule uliochanika. Akapima tena mahali pengine. Akamgeuzia fundi ringi.

Ukuta wa kushoto ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, na mstari haukuwepo kabisa.

Fundi aliutazama. Uso uliokuwa na mzaha ukapoa. Kisha akasema jambo ambalo mtu mwenye hila asingelisema.

"Breki ikikaa vibaya, hula upande mmoja. Na breki zile nilizifunga mimi."

Sindano alimuuliza kama anaelewa anachokisema.

"Naelewa. Kama ni hivyo, andika hivyo. Nilisema ringi yangu ni nzima, sikusema mimi ni malaika."

Nyumba ya Masafa haikuwa mbali. Mlango ulifunguliwa na mke wake, dada yake fundi, mrefu kama kaka yake na mwenye jicho lilelile la kupima vitu. Kabla ya kumsalimu, Sindano aliona uso wake mwenyewe kwenye kitasa cha mlango. Kiling'aa hivyo.

Mwanamke huyo alimkaribisha kwa maneno ya haraka ya mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Alisema tangu ajali ile mumewe na kaka yake hawasemezani, na kila mmoja anamtumia yeye kumpelekea mwenzake maneno, na kila mmoja humuuliza yuko upande gani.

"Huyu ni kidole, yule ni ukucha," alisema. "Sasa mimi niumwe wapi?"

Waliingia kwenye ujia mwembamba ulioelekea sebuleni. Baiskeli ilikuwa hapo, imeegemezwa ukutani, upande wa nyuma umeinuliwa kwa matofali kwa kuwa hauna gurudumu. Mnyororo ulikuwa upande wa ukutani. Juu ya rangi nyeupe ya ukuta palikuwa na doa jeusi la mafuta, kwenye kimo cha mnyororo, doa la muda mrefu. Sindano alisimama akaliangalia. Mke wa Masafa akaona aibu, akaeleza kwamba yeye ndiye aliyeamuru baiskeli iegeshwe hivyo. Kila ilipoegeshwa mnyororo ukiwa nje, nguo zake ziliondoka na mafuta. Alimwambia mumewe achague: ukuta uchafuke au mke. Masafa akachagua ukuta.

"Alichagua vizuri," alisema Sindano, na akaendelea kulitazama doa.

Masafa alikuwa sebuleni, mkono umefungwa kwa kitambaa kifuani, mtu mnene kidogo mwenye sauti ya kujaza chumba. Pembeni yake alikaa baba yake, mzee mwembamba aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Mtaa mzima ulimwita Mzee Tarumbeta, maana maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye bendi ya serikali, akipuliza tarumbeta mstari wa mbele. Siku alipostaafu, tarumbeta ilibaki kambini. Jina alikwenda nalo nyumbani.

Mzee alimtazama mgeni juu chini, akauliza kama ndiye binti aliyekuja kumtafuta mwizi wa ringi. Sindano akaitikia kwa heshima kwamba ndiye. Mzee akasema ni vizuri, maana mwanawe amelala kitandani muda mrefu akimtafuta mwizi huyo kwenye dari.

"Baba," alisema Masafa.

"Nini? Si kweli? Dari tumeshaikagua yote."

Chai ililetwa. Sindano alipokea kikombe, akakoroga, akakigeuza kijiko mbele ya macho yake mara moja, akakirudisha kwenye sahani. Kisha akamtaka Masafa aeleze.

Masafa alieleza kwa hasira iliyopikwa siku nyingi. Alikuwa akipanga safari ndefu kuliko zote, yeye na mkewe, kila mmoja na baiskeli yake, mahema nyuma. Ile iliyomwangusha ilikuwa ya majaribio tu. Hakuwa mzembe. Aliwapita wanachama wengi kwa kutunza chombo. Mstari wa ringi aliukagua kila alipotia mafuta, na hata kabla ya kuondoka siku ile aliukagua, ulikuwepo. Sasa kama mstari upo na ringi imepasuka, mstari huo ni wa uongo, na ringi ni ya uongo, na aliyeiuza ni nani?

"Uliuona kwa macho yako?"

"Kwa macho haya. Naapa."

Sindano hakubishana naye. Aliomba ruhusa ya kuikagua baiskeli, akarudi kwenye ujia akapiga magoti. Alifungua raba za breki ya nyuma, kushoto na kulia, akazilaza juu ya karatasi. Zilikuwa za aina moja, na zilikuwa zimeliwa sawasawa, kama mapacha. Breki iliyokaa vibaya ingemaliza raba moja mbele ya nyingine. Kwa hiyo breki haikuwa na hatia, na fundi aliyekuwa amejishtaki mwenyewe akawa ameachiwa.

Sasa alikuwa hana ringi ya bandia, hana breki mbaya. Alikuwa na ukuta mmoja tu uliokonda, na watu wawili wanaoapa, mmoja kwamba alionyesha mstari, mwingine kwamba aliuona. Alikuwa amefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba watu wawili wakiapa kinyume, si lazima mmoja awe mwongo. Wakati mwingine wamesimama pande mbili za kitu kimoja.

Akaligeukia gurudumu la mbele.

Hilo halikuwa limechanika. Alipima ukuta wa kulia, uliotazama ukuta wa nyumba: mzima, mstari upo, vumbi limo ndani yake. Alipima wa kushoto, uliotazama ujia. Ulikuwa umekonda. Mstari haupo. Nembo haipo. Na uling'aa. Ukuta ule uling'aa kama kitasa cha mlango.

Masafa na mkewe walikuwa wamesimama nyuma yake. Aliwaeleza huku bado amepiga magoti, kwa sauti ya mtu anayehesabu vyombo vyake. Ringi ikiwa kiwandani haijui kushoto wala kulia. Fundi ndiye anayeipa upande anapoisuka. Kosa la kiwanda lingeweza kuangukia popote. Lakini hapa magurudumu mawili yamekonda upande mmoja, upande uleule, na raba za breki zimeliwa sawa. Basi kilichoila ringi si breki peke yake. Kuna kitu kingine kimekuwa kikisaidia, na hicho kitu kinaifikia baiskeli kutoka kwenye ujia tu.

Kisha alimwomba Masafa amwonyeshe anavyokagua mstari. Masafa, kwa mkono mmoja mzima, akaeleza: huitoa baiskeli uani, huchuchumaa kwenye mnyororo ili autie mafuta, na hapohapo hutazama ringi.

"Kwenye mnyororo," alirudia Sindano. "Kulia."

"Kulia, ndiyo."

"Na kushoto?"

Masafa aliinama akautazama upande wa kushoto wa ringi, kama anauona kwa mara ya kwanza. Mkewe alimtazama kwa jicho la kaka yake.

Sindano alisimama, akapangusa magoti, akarudi sebuleni. Alikaa mbele ya Mzee Tarumbeta, akakichukua tena kijiko cha chai, akakishika karibu na dirisha. Mpini wake ulikuwa laini na mtupu, lakini ukiuinamisha kwenye mwanga kilibaki kivuli cha petali mbili.

"Mzee, kijiko hiki kilikuwa na ua?"

Mzee alifurahi kwamba mtu ameona. Alisema vijiko vyote vilikuwa na maua, na maua hayo yalishika uchafu kwenye mikunjo yake, akawa hana raha. Kwenye bendi walifundishwa kwamba shaba chafu hutoa sauti chafu. Kila asubuhi kabla ya gwaride walikagua tarumbeta, na mkaguzi hakutafuta doa, alitafuta sura yake mwenyewe. Asipojiona, mpulizaji hakula. Mtu hawezi kuishi hivyo maisha yote halafu siku moja aamke akae mikono mitupu. Kwa hiyo aling'arisha vilivyopo. Vitasa, vijiko, sufuria, komeo la choo.

"Na ringi za baiskeli?"

"Ringi zilinishinda mwanzoni," alisema Mzee, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu anayesimulia ushindi. "Zilikuwa na mkwaruzo. Umezunguka wote, mbele na nyuma, kama mtu kaupitisha msumari. Nikasema mwanangu haendi safari kubwa na chombo chenye kovu. Dawa ya shaba haikufua dafu. Nikachukua msasa, ule mlaini, kila siku kidogo kidogo wakati yuko kazini. Mpaka ukaisha. Upande wa pili ndiyo sijafika, ukuta ulinizuia."

Mke wa Masafa alikaa chini polepole. Masafa aligeuka akatazama ujia, doa la mafuta, ringi inayong'aa. Sindano alieleza kwa maneno machache na ya taratibu mkwaruzo ule ulikuwa wa nini. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Furaha haikumtoka usoni mara moja. Ilitoka kama maji yanavyotoka kwenye kitambaa kinachokamuliwa, na kilichobaki kilikuwa kikavu. Aliutazama mkono wa mwanawe uliofungwa kifuani, akaitazama mikono yake mwenyewe, vidole vyake vyeusi kwenye ncha.

Masafa ndiye aliyesema wa kwanza, na hasira yote ilikuwa imehama sauti yake. Alimvuta Sindano kando, akamwomba aandike kwamba ilikuwa ajali tu. Ringi ilichoka, breki ilibana, basi. Baba yake atoke kwenye taarifa. Watu wa chama wana midomo, na mzee wa watu hana siku nyingi za kuchekwa.

Sindano alimjibu kwamba neno "ajali tu" litamfunika baba na kumwacha shemeji nje kwenye mvua. Wanachama walishaambiwa ringi ni ya bandia. Wasipoambiwa kilichoila, watabaki na walichoambiwa mwanzo.

Hawakuwa wamesema kwa sauti ndogo ya kutosha.

"Mimi nimepuliza tarumbeta mbele ya watu," alisema Mzee kutoka kitini kwake. "Nilipokosea, nilikosea mbele ya watu, na kila mtu akageuka akanitazama. Sijawahi kukosea nikajificha nyuma ya ngoma. Mke wa mwanangu, niletee viatu. Twende kwa kaka yako."

Walikwenda wote wanne kwa miguu, Sindano amebeba gurudumu la mbele begani. Mzee alitembea mbele, mgongo umenyooka, kama kuna gwaride linamfuata. Mwanawe alimfuata kama gwaride.

Fundi alipowaona mlangoni alisimama, akafuta mikono, akamwamkia Mzee kwanza kama inavyotakiwa, akampa kile kiti cha miguu mitatu. Masafa hakumtazama. Alitazama darini, lakini dari hii ilikuwa na ringi, haikumpa nafasi ya kupumzisha macho.

Mzee aliyasema yote mwenyewe. Hakupunguza. Alieleza msasa, alieleza kila siku kidogo kidogo, alieleza nembo ya kiwanda ambayo aliibandua kwa ukucha kwa sababu ilikatiza mng'aro. Alipomaliza, alisema kwamba yeye ndiye aliyemwangusha mtoto wake na ndiye aliyelichafua jina la fundi, kwa mkono mmoja, akidhani anasafisha.

Fundi alikuwa amelipokea gurudumu na kulizungusha polepole mbele ya uso wake. Bega lake lilianza kutikisika. Wote walidhani analia. Kumbe anacheka, kicheko cha mtu aliyeshusha mzigo kichwani na shingo imekumbuka kunyooka.

"Mzee, samahani," alisema. "Lakini nimekuwa kwenye kazi hii tangu sina ndevu, na sijawahi kuona ringi iliyong'arishwa hivi. Mkaguzi wako wa kambini angejiona mpaka kope."

Mzee alimtazama, akajaribu kubaki na huzuni, akashindwa, akacheka. Wa kwanza kumfuata alikuwa mke wa Masafa, aliyecheka huku akijifuta macho na kusema kwamba ukoo huu hauna mzima hata mmoja, na yeye ndiye aliyeamua baiskeli iegeshwe vile.

Kazi ikaanza, kwa kuwa safari ilikuwa bado ipo na mtulinga ungepona. Fundi alishusha ringi. Masafa, bado hajasema neno la maana, aliuliza kwa kunong'ona kuhusu zile breki za sahani ambazo hazigusi ringi. Fundi alimjibu, akiwa anajibu ringi na si mtu, kwamba baiskeli ile haina mahali pa kuzifunga, na kwamba ringi haikuwa na kosa hata ibadilishwe na aina nyingine. Pana vilevile, tabaka mbili, pete kwenye matundu, thelathini na sita. Alimpa Mzee aishike kwanza. Alikishika kidole cha Mzee, chenye ncha nyeusi, akakipitisha kwenye mstari wa kulia, kisha akaigeuza ringi na kukipitisha kwenye mstari wa kushoto.

Mzee aliuliza kama hata kitambaa hakiruhusiwi.

"Kitambaa kikavu ruhusa. Msasa ukiingia kwenye ujia ule, mimi nitahamia pale nilale mlangoni."

Sindano alikuwa ameketi, ameegemea nguzo, anaandika taarifa yake juu ya goti. Ilikuwa fupi. Aliwasomea. Hakuna aliyetaka kuongeza. Mwenyekiti angeipata kabla ya mkutano, na kazi yake ingekuwa imekwisha. Alimuuliza fundi kama atahudhuria.

Fundi alisema hana nafasi. Ana magurudumu ya kusuka. Taarifa ikisomwa, itasomwa, na masikio ya watu yatafanya yatakavyo. Aliyasema hayo akipanga spoki mezani kwa urefu, ingawa zilikuwa zimeshapangwa. Mara ya mwisho alipoingia kwenye ukumbi ule, watu aliowasukia magurudumu walikuwa wamehama benchi alilokaa.

Masafa alisogea. Alisimama upande wa pili wa meza, mkono mmoja kifuani, mwingine akauweka juu ya spoki ili fundi aache kuzipanga. Fundi akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza wanatazamana tangu ajali.

"Shemeji, funga duka," alisema Masafa, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko chumba. "Tutaingia wote, baba katikati yetu, na utakaa benchi la mbele na mimi. Kabla mwenyekiti hajafungua hiyo karatasi nitasimama mimi. Nitawaambia kwamba niliangalia upande mmoja nikakuhukumu kwa pande zote mbili. Nitalisema kwa sauti ileile niliyokushtaki nayo, na kila aliyenisikia siku ile atanisikia leo. Nakuahidi."